Bosi kanunua jumba la kale, anataka muziki wa mashine: majibu kutoka kwa fundi wa Dodoma

Mbukwenyi wadau.

Swali la mdau wa Mpwapwa nimelisoma mara tatu kabla ya kuandika, kwa sababu niliwahi kulibeba mwenyewe nikiwa na funguo za nyumba ya mtu mfukoni. Kwa waliochelewa: bosi wake kanunua jumba la zama za Mjerumani, kuta za mawe, dari juu, ukumbi mrefu. Kalikarabati kwa adabu, na sasa anataka likae na muziki wa wakati wake, muziki wa mashine. Kaletewa orodha ya mnada kutoka Ulaya yenye orkestrioni (mashine inayopiga vyombo vingi kwa pamoja), pianola mbili (piano zinazojipiga), masanduku ya muziki na gramafoni za bomba. Pesa ipo. Anauliza wachukue kipi, na kipigwe muziki gani.

Jibu naliweka mbele ili asiye na muda aondoke nalo: achukue kile tu kitakachopigwa kila wiki na mtu anayeishi pale pale. Bei, uzuri, umri na jina la kiwanda vije baadaye. Kama mtu huyo hayupo, asinunue chombo cha kale, hata akipewa bure.

Baba yangu alikuwa fundi wa vinanda vya misheni, vile vya kukanyaga kwa miguu. Nilimbebea mfuko wa zana tangu darasa la nne, Mvumi, Kongwa, Kilimatinde, popote palipokuwa na kanisa lenye kinanda kilichoanza kukohoa. Piano nilijifunza baadaye. Ndipo mzee mmoja, Mgogo wa hapa hapa, mfanyabiashara wa alizeti, akanunua nyumba ya enzi za reli upande wa stesheni ya zamani akaniita. Simtaji, kwa sababu hapendi kutajwa. Nilikuwa fundi wake miaka minne.

Siku ya kwanza alinipeleka sebuleni kunionyesha gramafoni aliyotangulia kuinunua kwenye duka moja la vitu vya kale huko pwani. Bomba la shaba linang'aa kama sufuria ya harusi, sanduku la pembe nane limechongwa maua pande zote, ubavuni kibati cha kampuni maarufu ya zamani. Mama mwenye nyumba alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma. Nikaomba ruhusa kufungua. Ndani mlikuwa na mota ya gramafoni ndogo ya mkononi, zile za sanduku la kubeba safarini, imefungwa kwenye mbao mpya iliyopakwa rangi ya chai ili ionekane imezeeka. Bomba lilikuwa bati jembamba la shaba, limeungwa juzi. Gramafoni za namna hii zinatengenezwa sana India na zimejaa maduka ya watalii dunia nzima. Zinatoa sauti, lakini sauti ya mtu anayeongea ndani ya debe.

Kumwambia mzee jambo hilo mbele ya mkewe hakukuwa rahisi. Nikasema, "Mzee, naomba radhi, hii ni ya juzi." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi fundi, kuanzia leo hatununui kitu ambacho sijakisikia kikilia." Tuliishi kwa sheria hiyo miaka yote minne, na mdau namsihi aipeleke kwa bosi wake. Picha ya mnada haina sauti. Muuzaji apige simu ya video, atie ufunguo au akanyage, wimbo upigwe kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Akikwepa, acheni.

Sasa pianola, maana naona hapo ndipo bosi wako alipopaweka moyo.

Pianola ni piano ya kawaida yenye mashine ya upepo tumboni. Edwin Votey wa Detroit alitengeneza ya kwanza mwaka 1895, wakati huo ikiwa kabati la kusogezwa mbele ya piano. Baadaye mashine ikahamia ndani. Unakanyaga pedeli mbili, mivukuto inavuta hewa. Karatasi yenye matundu inapita juu ya kipande cha shaba chenye matundu 88, moja kwa kila noti. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa inaingia, vali inafunguka, kijimfuko kidogo cha kitambaa kinanywea ghafla na kuvuta nyundo ya noti hiyo. Basi. Hakuna umeme, hakuna uchawi. Waliokuwa na vinanda vya misheni vya aina ya Kimarekani watagundua kitu hapa: navyo vinafanya kazi kwa kuvuta hewa. Ndiyo maana nilipoifungua pianola kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikupotea. Nilikuta ngozi zile zile, kitambaa kile kile chenye mpira, gundi ile ile ya kuchemsha aliyokuwa akiitumia baba. Nilitamani angekuwepo aione.

Nalisema hili kwa sababu watu wengi hudhani pianola haiwezekani kutunzwa Tanzania. Inawezekana. Fundi wa kinanda cha kanisa ambaye mikono yake imetulia anaweza kufundishika kwa miezi michache. Asichoweza ni kutengeneza upya mashine nzima huku hana vifaa. Kwa hiyo msinunue pianola mbovu kwa mategemeo ya kuitengeneza Mpwapwa. Kule Uingereza pianola nyingi siku hizi zinauzwa kwa bei ya chini sana, nyingine zinatolewa bure kwa atakayeziondoa, kwa kuwa nyumba ni ndogo na chombo ni kizito. Bei yake halisi iko kwenye matengenezo na usafiri. Mlipeni fundi wa huko huko avue vijimifuko vyote 88 avifunike kitambaa kipya, abadilishe mipira yote na ngozi za vali, ndipo isafirishwe. Sisi tulifanya kinyume. Mzee alikuwa na haraka ya kuwapokea wageni wa Pasaka, tukaleta chombo kilichosemekana "kinafanya kazi". Kilifanya kazi wiki tano. Kiangazi kilipoingia, mipira ya zamani ikakakamaa, ikaanza kukatika kama biskuti, nami nikakaa miezi saba sakafuni mwa chumba cha nyuma nikikata kitambaa kipande kwa kipande.

Jambo la pili kuhusu pianola, na hapa bosi wako asikilize vizuri: nunua muziki kwanza, mashine baadaye. Roli, yaani zile karatasi zenye matundu, haziingiliani ovyo. Za mwanzo zilikuwa za noti 65. Mwaka 1908 watengenezaji wa Marekani walikutana Buffalo wakakubaliana kipimo cha noti 88, karatasi ya upana wa inchi 11 na robo, na hicho ndicho utakachokipata kwa wingi hadi leo. Kuna wanaotoboa roli mpya mpaka sasa. Chukueni pianola ya noti 88, msiingie kwenye kipimo kingine kwa sababu ya uzuri wa kabati.

Najua kuna atakayemnong'oneza bosi habari za Welte-Mignon. Ni kweli, ni ajabu kubwa. Kiwanda cha Welte cha Freiburg kilianza mwaka 1904 kutoa roli zilizohifadhi mkono wa mpigaji, nguvu na ulaini wa kila noti. Gustav Mahler alikaa kwenye mashine yao mwaka 1905, Grieg na Debussy nao wamo. Ukisikia, mwenye mikono ameshakufa zaidi ya miaka 100 na nyundo bado zinainuka kama anavyotaka yeye. Mzee wangu alitoa machozi kwenye video tu. Lakini roli nyekundu za Welte ni pana zaidi na zina mpangilio wake wa matundu. Pianola ya kawaida haizipigi, na mashine yenyewe ina vali za kupimia nguvu ambazo mimi nisingethubutu kuziahidi uzima katika vumbi la hapa. Tuliacha. Nafikiri tulifanya sawa, ingawa mzee hakuacha kuzungumzia.

Orkestrioni iacheni pia, bila mjadala mrefu. Ni chombo cha ukumbi wa hoteli, kina filimbi, ngoma, matoazi, wakati mwingine violini zinazosuguliwa na upinde wa duara. Kinahitaji fundi wa kudumu na sauti yake inajaza uwanja. Ndani ya nyumba watu wataacha kuzungumza.

Kuhusu masanduku ya muziki nina furaha zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyofaa kuliko vyote nyumbani kwa mzee. Kuna ya silinda, kazi ya Uswisi, silinda ya shaba yenye maelfu ya vijisumari vinavyokwangua kitana cha chuma. Nyimbo zake ni zile zile, haziongezeki. Na kuna ya sahani za chuma, kama Polyphon na Symphonion za Leipzig na Regina ya Marekani, zilizoshika soko miaka ya 1890. Haya unabadilisha sahani kama santuri. Hakuna ngozi, hakuna mpira, hakuna kamba: ni chuma, springi na mbao. Ukame wa Dodoma hauyasumbui sana. Wimbo mmoja hauzidi sana dakika 2, na huo ndio uzuri wake. Mgeni anaingia, mtoto wa nyumba anatia ufunguo, wimbo unaisha kabla maongezi hayajaanza. Mzee alichukua la sahani za inchi karibu 20. Tuliliweka kwenye meza nzito ya mninga niliyoichonga mwenyewe bila kitambaa juu yake, maana meza ndiyo inayopanua sauti. Ukiliweka juu ya zulia au juu ya marumaru utafikiri limeugua.

Hatari yake ni moja na ni kubwa. Ndani kuna kifaa kidogo chenye mabawa kinachozunguka kudhibiti mwendo. Mtu asikiguse, asikifungue, asikipake mafuta ya kupikia, wakati springi imejazwa. Kikiachia, silinda inazunguka kwa kasi yote mara moja, vijisumari vinapinda, meno ya kitana yanakatika, na chombo cha miaka 130 kinakufa kwa sekunde chache. La silinda likisafirishwa, lisimame mwishoni mwa wimbo, pale ambapo meno hayagusi vijisumari, na springi ilegezwe yote. Mwandikie muuzaji hayo kwa maandishi, na akutumie picha kabla ya kupigilia sanduku misumari.

Kabla sijafika kwenye nyumba yenyewe, nisimame kwenye pembe za ndovu.

Piano nyingi za zamani zina noti nyeupe zilizofunikwa kwa pembe za ndovu. Kuvusha mpaka kitu chenye pembe ni suala la mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuna vibali vya kule inakotoka na vya huku inakokuja, na uzee wa piano haukuondolei karatasi. Mzee alipenda sana piano moja, kabati la rangi ya tende, sauti nzito ya chini. Nikauliza noti zake ni za nini, nikajibiwa ni pembe halisi, tena kwa kujivunia. Usiku ule sikulala vizuri. Wenzangu wa Ugogo mnajua njia ya misafara ilipita wapi: pembe zilitoka bara, zikapita Ugogo, misafara ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wetu na kununua maji, ikashuka Bagamoyo, ikavuka Unguja. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilikwenda Connecticut, Marekani, kwenye viwanda vya mji ambao hata jina lake ni Ivoryton, ikakatwa vipande vyembamba vya kufunikia noti za piano. Watu walizibeba mabegani kupita mita chache kutoka mahali mzee alipojenga ukuta wake. Nilimweleza asubuhi, na nikamwambia kwamba mkono wangu usingependa kukitunza chombo kile hata vibali vikipatikana. Hakunibishia. Tukachukua yenye noti za seluloidi inayoigiza pembe, zimegeuka njano kidogo kama meno ya mzee, na hakuna mgeni aliyewahi kuulizia.

Sasa nyumba. Mpwapwa na Dodoma ni ndugu kwa hali ya hewa: hapa mjini tunapata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi saba ya upepo na vumbi jekundu. Piano ina nyuzi zaidi ya 200 zinazovuta kwa jumla ya uzito wa tani 18 hadi 20, na nyuma yake kuna ubao mwembamba wa msonobari unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Kinachoua si ukavu peke yake, ni kupanda na kushuka. Ubao unapasuka, vigingi vya nyuzi vinalegea, na fundi anatuni leo, wiki ijayo imeshuka. Nunueni vipima unyevu viwili vya bei ndogo, kimoja ndani ya piano kimoja ukutani, muandike kila asubuhi kwenye daftari. Lengo ni asilimia 40 hadi 50, na muhimu kuliko asilimia hizo ni kutoyumba. Mimi nilitumia mtungi wa udongo uliojaa maji, umekaa pembeni ya piano mwezi Juni hadi Novemba, unajazwa na kijana wa nyumba kila jioni. Mtungi ulifanya kazi niliyoitaka. Kiyoyozi kisiipulizie, dirisha lisiitazame, na isiegemee ukuta wa nje unaopigwa na jua la mchana. Kama mnaweza kupata piano iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto, viwanda vya zamani vilikuwa navyo: viungo vimetiwa skurubu za shaba juu ya gundi. Hiyo ipewe kipaumbele kuliko jina kubwa.

Mchwa mnawajua. Miguu ya chombo chochote cha mbao ikae kwenye vikombe vya bati vyenye mafuta machafu kidogo, na nyuma yake paonekane, mtu apite na tochi kila Jumamosi. Nondo wanakula sufu za nyundo, panya wanakula ngozi za mivukuto. Vifuko vya majani makavu ya mwarobaini nilivitumia ndani ya kabati, nikavibadilisha kila mwezi, na katika miaka minne sikukuta tundu la nondo hata moja.

Ukumbi wenu mrefu wa mawe utapiga mwangwi. Kabla ya kununua chochote, simama katikati upige kofi moja, usikilize linavyorudi. Kwa mzee lilirudi kama sahani zinaanguka. Tulitandika mikeka ya ukindu, tukatundika mapazia mazito, tukaweka rafu ya vitabu ukuta wa mwisho, ndipo pianola ikaingia. Tungeanza na chombo, tungekilaumu kwa kosa la ukuta.

Nimefika kwenye muziki wenyewe, jambo ambalo kwenye orodha ya bosi wako halijaandikwa hata mstari mmoja.

Mama yake mzee alikuwa bado hai wakati ule, bibi wa miaka mingi, anatoka Chamwino. Mzee alitaka nyimbo alizoimbiwa utotoni zitobolewe kwenye roli, ili pianola ya nyumba yake ipige muziki wa Kigogo. Niliona ni wazo zuri sana. Nilikwenda na kijana mmoja wa kwaya anayejua kuandika noti, tukakaa na bibi mkekani siku mbili, na mjukuu wake mmoja anapiga ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba. Tukaandika. Tulipojaribu kwenye piano, bibi alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa akasema kwa Kigogo kwamba huyo anayeimba si mtu wa kwao.

Nilidhani tumeandika vibaya. Tukarudia. Mwishowe nikaileta ilimba na piano bega kwa bega, nikazipiga noti moja moja, na nikaelewa. Muziki wa Kigogo umesimama juu ya sauti zinazozaliwa na uzi mmoja wenyewe: ukigusa uzi kwa wepesi sehemu zake unapata sauti ya 4, ya 5, ya 6, ya 7, ya 8 na ya 9, na hizo ndizo ngazi za zeze na ilimba. Wanakwaya wataelewa nikisema: do, mi, so, kisha ti iliyoshuka, do ya juu, re. Tatizo ni hiyo ya 7. Inakaa chini ya noti ya piano iliyo karibu nayo kwa takriban theluthi ya nusu-toni. Si noti mbovu. Ndiyo noti yenyewe, imenyooka kuliko ya piano, ila piano haina kibao chake. Na kuna kile kitundu kwenye ilimba kilichofunikwa utando wa buibui ili sauti ikereze. Hicho nacho huwezi kukitoboa kwenye karatasi.

Mzee alikaa kimya muda mrefu nilipomwonyesha. Nilimwambia ninachoamini mpaka leo: muziki huu usiingizwe kwenye mashine, ukaribishwe mlangoni. Tukafanya hivyo. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi walikuja vijana watatu wa ilimba na zeze, na akina mama wa muheme na ngoma zao, wakapiga barazani, si ukumbini, kwa sababu muziki ule unataka vumbi chini ya miguu na anga juu. Walilipwa kama mafundi, siku hiyo hiyo, pamoja na nauli na chakula. Bosi wako akiwa na fedha ya orkestrioni, anayo ya kuwalipa wapigaji wa Mpwapwa kwa miaka mingi. Nchi hii ya kati imemtoa Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma, ambaye zeze na ilimba yake ilisikika Ulaya na Japani. Jumba la kale la Ugogo lisilowahi kusikia ilimba barazani litakuwa na upungufu hata likijaa Polyphon.

Kwa ndani, gramafoni ndiyo inayobeba muziki wetu. Tafuteni gramafoni ya kweli, hata iwe ya sanduku la mkononi. HMV 102, ya kampuni ya Uingereza ya HMV, iliyotoka mwaka 1931, ni imara, vipuri vinapatikana, na sauti yake inatosha chumba cha chakula. Santuri za mizunguko 78 zinabeba kama dakika 3 kila upande. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi za HMV, akaufungulia mlango muziki wa Kiswahili. Za kwake za asili ni adimu, mkizipata zichezwe siku kuu tu na nakala ya sauti ichukuliwe kwanza. Zinazopatikana zaidi ni zile za mfululizo wa GV, muziki wa Kicuba uliouzwa Afrika kuanzia mwaka 1933, ambao wazee wetu waliucheza mpaka bendi za kwetu zikaanza kuuzungumza kama lugha ya nyumbani. Wasikilize Cuban Marimba ya Salum Abdallah, majirani zetu wa Morogoro, kisha urudie santuri ya GV: utasikia mtoto na baba. Wageni wa mzee walitulia zaidi kwa saa moja hiyo kuliko kwa pianola yote.

Sindano ya chuma inapiga upande mmoja tu wa santuri, kisha inatupwa. Huo si ubadhirifu. Sindano imetengenezwa iliwe yenyewe badala ya santuri, na ukiitumia mara ya pili inachimba mifereji. Santuri za plastiki za baadaye zisiwekwe kamwe kwenye gramafoni ya springi, kichwa chake ni kizito na zitaharibika mara moja. Na santuri za 78 ni za lakiri: ziache nyuma ya gari juani hapa kwetu na zitapinda kama chapati. Zisimame wima, chumba chenye kivuli, kila moja na bahasha yake.

Wapo waliochangia juu wakashauri piano za kisasa zinazojipiga kwa sumaku-umeme, kama Disklavier ya Yamaha. Siwapingi. Kama bosi hatakuwa na mtu wa kuishi na vyombo, hiyo ndiyo ya kununua, pamoja na stabilaiza nzuri na betri, kwa sababu umeme wetu unapanda na kushuka. Upande wa piano inatunzwa kama piano nyingine yoyote. Ila aelewe kwamba hapo ananunua piano nzuri sana yenye kompyuta, na jumba lake halitapata kile alichoniandikia mdau, harufu ya mbao na mtu anayetia ufunguo.

Kwa hiyo, mdau, kwa orodha yako: sanduku la sahani lichukueni, mkilisikia. Pianola chukueni moja tu, ile ya noti 88, ikishatengenezwa huko huko, na mwulizeni muuzaji noti zake ni za nini. Gramafoni za bomba zote tatu mlizotumiwa picha zina mbao mpya kwenye kona ya chini kushoto, ziangalie tena kwa mwanga wa mchana. Yule kijana wa nyumba uliyesema anaimba kwaya ya kanisa, mleteni Dodoma wiki mbili kabla ya meli kufika. Nitamkalisha na kinanda cha kukanyaga cha baba, bado ninacho, na nitamfundisha kukata kitambaa cha mivukuto bila malipo. Chakula na pa kulala tutapata.